Hewa kubanduka juu ya bawa: kupuliza kidogo kunasaidiaje?

Mwana wa Sahare:
Shikamooni wakubwa. Nimekulia Sahare hapa Tanga, mashuani mwa babu. Nilipoanza kushika usukani alinikanya nisiupindue mpaka mwisho: maji yanachemka nyuma yake, mkono unahisi wepesi, mashua haigeuki. Juzi nimesoma kuwa bawa la ndege lina ugonjwa huohuo. Pua ikiinuliwa mno, hewa ya juu inabanduka na bawa haliibebi ndege. Dawa yake, eti, ni kupuliza hewa kupitia vitundu. Ndege inakwenda mamia ya kilomita kwa saa. Pumzi ya kitundu itafua dafu wapi?

Fundi wa Chumbageni:
Marahaba mdogo wangu. Usiitazame hewa yote, tazama ile inayogusa ngozi ya bawa. Utando huo ni mwembamba na umechoshwa na msuguano. Ukishavuka mgongo wa bawa, kila ukienda nyuma shinikizo linapanda, sawa na kupiga kasia dhidi ya mkondo. Hewa iliyo mbali kidogo na ngozi ina mbio za kutosha kuvuka. Inayogusa ngozi inasimama, inageuka kurudi, na iliyo juu yake inabanduka. Pumzi ya kitundu inampa nguvu huyo aliyechoka tu. Mwanasayansi Mjerumani, Prandtl, alilieleza jambo hili mwaka 1904, na papo hapo akaonyesha njia nyingine: kuinyonya hewa iliyochoka.

Na usukani wa babu yako ndio wenyewe! Injini moja ikizimika ndege inaporuka, nyingine huisukuma upande, na usukani wa mkiani ndio wa kuinyoosha. Kwa ajili ya dakika hizo chache mkia hujengwa mkubwa, halafu maisha yake yote unabebwa kama mzigo. Mwaka 2013 NASA, shirika la anga la Marekani, na Boeing waliweka mkia mzima wa Boeing 757 kwenye handaki la upepo, chumba cha kupimia vitu kwa upepo mkali, wakapuliza, nguvu ya upande ikazidi kwa zaidi ya asilimia 20. Mwaka 2015 wakarusha angani ndege yenye mkia wa vipulizio 31. Ninachokipenda mno: ndani ya kipulizio hamna kinachocheza. Umbo la njia yake tu ndilo linaloifanya hewa iyumbe kushoto na kulia, ikifagia eneo pana.

Mama Karakana:
Mimi hushinda nikifuta vumbi kwenye ndege ndogo, na vitundu navihofia. Vikiziba je? Na hewa ya kupuliza lazima itoke kwenye injini fulani, yaani mafuta. Vibati vidogo vinavyosimamishwa juu ya bawa hufanya kazi hiyo bila bomba lolote.

Fundi wa Chumbageni:
Kweli dada, ila vibati vinakokota hewa safari nzima. Kipulizio unakizima. Hofu ya kuziba nakubaliana nayo.

Mama Karakana:
Mwanangu wa Sahare, bandika nyuzi fupi za sufi kwenye tanga. Zikilala, hewa imeshika, zikirukaruka, imebanduka. Hata mabawa hupimwa hivyo.

Mwana wa Sahare:
Ahsanteni sana. Sufi mama anayo. Jumamosi naibandika upande wa demani, usiopigwa na upepo, babu ashike usukani, mimi nitazame.