Naacha nyama, samaki na dagaa nikiwa hapa Kigoma. Sahani niijaze na nini?

Mwanga_Kona (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Nipo Kigoma mjini, mwanamume wa kilo 62, kazi yangu ya kusimama kutwa. Nimeamua kuacha nyama, samaki na dagaa. Maziwa na mayai nayo nitayaacha, ila taratibu. Sababu ni za dhamira, si ugonjwa, kwa hiyo tusibishane hapo.

Chakula cha nyumbani ni ugali wa muhogo mchana na usiku, wali mara mojamoja. Mboga ni dagaa, kisamvu au maharage, mafuta ni mawese. Mke wangu ananyonyesha mtoto wa miezi 5 na anataka tuanze pamoja.

Naomba kujua: dagaa nimbadilishe na nini, vidonge gani ni vya lazima, na watu wakianza huwa wanakosea wapi? Vitu vya kuagiza Dar sivitaki.

Mizani

Mkuu, kabla ya kumtafutia dagaa mbadala, tazama kwanza huo ugali. Gramu 100 za unga wa muhogo hazina hata gramu 2 za protini. Dona ya uzito huohuo ina 8 au 9. Ugali wa muhogo unamtosha mtu kwa sababu pembeni yake kuna dagaa, na dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Ukimwondoa ukabaki na muhogo na kisamvu, umeshiba lakini hujala.

Kwa kilo 62 lenga gramu 60 hivi kwa siku. Hesabu inayofika ni hii: unga wa dona gramu 300 (protini 25), maharage gramu 130 (27), karanga gramu 40 (10). Hizo 130 za maharage ni kama theluthi mbili ya kikombe cha robo lita, yapimwe yakiwa makavu. Ukiweka muhogo mahali pa dona unapoteza gramu 20 za protini, na kuzifidia utahitaji maharage mengine karibu gramu 100 makavu. Tumbo litakushitaki. Kama muhogo huwezi kuuacha, changanya nusu kwa nusu na dona, na siku hiyo ongeza karanga.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoacha samaki hawaambiwi. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi. Mwili huivunja nguvu kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini, na dagaa ndiye alikuwa anaileta kwa wingi. Muhogo usiolowekwa vizuri ukikutana na chakula kisicho na protini ya kutosha ndipo huja konzo: miguu inapooza ghafla na hairudi ilivyokuwa. Tarime ilipata mlipuko wake mwaka 1985, kwa hiyo si habari za mbali.

Menya, loweka siku 3 hadi 4 mpaka mhogo ubonyee kwa vidole, ndipo uvunjevunje na kuanika. Kumenya na kuanika moja kwa moja hakutoshi kwa muhogo mchungu. Unga wa sokoni usiojua umetengenezwaje, ulowanishe kwa maji, utandaze kwenye ungo unene usiozidi sentimita 1, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha songa ugali siku hiyohiyo. Sumu hutoka kama hewa. Kisamvu nacho kitwangwe hasa na kichemke muda mrefu sufuria ikiwa wazi.

Ujiji_Mashua

Mgebuka wa kubanika utauacha kweli, mkuu? Haya, tupo tunasoma.

Dawa_Baridi

Kidonge cha lazima ni kimoja: vitamini B12. Hakuna mmea unaoitoa kwa kutegemewa. Si uyoga, si mlenda. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 kwa siku, mama anayenyonyesha 2.8. Kikombe cha maziwa kina kama 1.1 na yai moja kama 0.5, kwa hiyo ukiwa bado unakunywa vikombe viwili vya maziwa na kula yai moja kila siku unajitosheleza. Tatizo ni kwamba Kigoma wengi "maziwa" yao ni kijiko kwenye chai.

Dukani angalieni mambo mawili. Kwanza, vidonge vya B complex vya bei ndogo mara nyingi havina B12 kabisa. Vina B1, B2, B6 na nikotinamaidi tu. Soma kisanduku, utafute sayanokobalamini au methilikobalamini. Pili, vile vya "mishipa ya fahamu" vyenye B1, B6 na B12 pamoja huwa na B6 miligramu 100 hadi 200 kwa kidonge. Ni dawa ya muda, si ya kumeza miaka. B6 nyingi kwa muda mrefu huleta ganzi ileile inayoletwa na ukosefu wa B12. Kinachofaa ni B12 peke yake: maikrogramu 50 hadi 100 kila siku, au 1000 mara mbili kwa wiki. Usishangae ukubwa wa namba, kwani kadiri dozi inavyokuwa kubwa ndivyo sehemu inayofyonzwa inavyopungua.

Ini huhifadhi B12 ya miaka kadhaa, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Mwaka wa kwanza uko salama, wa pili pia, halafu ganzi ya nyayo, ulimi kuuma, kusahau. Na kwa kuwa mboga za majani na maharage vina foliki (vitamini B9) nyingi, kipimo cha wingi wa damu kinaweza kuonekana kizuri huku neva zinaharibika.

Sasa mke wako. Asianze kabla B12 haijawa mkononi, maana mtoto anaipata kwenye maziwa yake, na akiba ya mtoto ni ndogo, haisubiri miaka. Vile vidonge vya damu alivyopewa kliniki ni chuma na foliki, B12 haimo. Mtoto akifika miezi 6 na kuanza kula, msimwingize kwenye uamuzi wenu: yai na unga wa dagaa kwenye uji vibaki, na mkaongee na wahudumu wa kliniki ya mama na mtoto. Hapo sitanii.

Nsansa_Kavu

Nipo Urambo, naongezea kuhusu mifupa. Dagaa anayeliwa mzima ndiye alikuwa kalsiamu yenu. Watu hukimbilia mchicha, lakini mchicha una oksaleti inayoishikilia kalsiamu, unafyonza kidogo sana. Chainizi, figiri na sukuma wiki ni bora kwa kazi hiyo. Ulezi una kama miligramu 340 kwa gramu 100, na ufuta usiokobolewa unakaribia 1000, ila nani anakula gramu 100 za ufuta? Vijiko viwili vikubwa vilivyokaangwa kidogo na kusagwa, uviweke kwenye kisamvu au uji, vinakupa 170 hivi. Mbegu nzima zinapita tumboni kama zilivyoingia, kwa hiyo lazima zisagwe.

Chuma: kamulia limau au ndimu kwenye maharage ukiwa mezani, na chai ya rangi ikae mbali na chakula kwa saa nzima. Ulezi ukichachushwa siku moja kabla ya uji unatoa chuma na zinki zaidi.

Huku Tabora swali huwa ni asali. Anayefuata njia ya mimea pekee kwa ukamilifu haili, kwa kuwa ni ya nyuki. Kwenye lishe haina uzito wowote, amua mwenyewe.

Jungu_Kuu

Maharage wengi wanayashindwa kwa sababu ya gesi na mkaa. Loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, weka mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 za kwanza ndipo upunguze moto. Zile dakika 10 ni za lazima, hasa kwa maharage mekundu: yasipochemka barabara yana sumu inayotapisha. Nyanya na limau vije yakishaiva, asidi huyafanya yagome kulainika. Magadi yanalainisha haraka lakini yanaua vitamini B1. Yakigoma saa tatu licha ya kulowekwa, ni ya zamani yaliyokaa kwenye joto. Mwakani nunua mapya yakitoka Kasulu. Anza na kiasi kidogo, ongeza kila wiki.

Mawese ni mazuri ya vitamini A yakiwa bado mekundu. Ukiyaunguza mpaka yageuke meupe umeichoma yote. Kijiko kimoja kikubwa kwa sahani kinatosha, karibu nusu yake ni mafuta mazito.

Kwa mama lishe uliza mambo mawili: kisamvu kimetiwa unga wa dagaa? Maharage yameungwa na mchuzi wa nyama? Maandazi na chapati mara nyingi huwa na maziwa.

Mizani

Nilisahau chumvi. Ile ya kupimwa kwa kopo, iwe ya Uvinza au ya kwingine, huwezi kujua kama ina madini joto. Nunua ya pakiti iliyoandikwa, funika chombo, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Mla muhogo anaihitaji zaidi, kwa sababu mabaki ya sayanidi mwilini huzuia tezi ya shingo kuchukua iodini.

Mwanga_Kona

Shukrani sana wakuu. Mke wangu atasubiri kidonge. Swali la mwisho: soya inawezekana kuifanya tofu kwa jiko la mkaa? Nikijaribu inatoka ungaunga.

Jungu_Kuu

Inawezekana. Hakikisha kwanza umenunua soya yenyewe, maana sokoni wapo wanaoita soya yale maharage ya njano, na hayo hayagandi.

Loweka gramu 500 usiku kucha, saga laini na maji lita 4, chuja kwa kitambaa cha kuchujia tui. Chemsha maziwa hayo dakika 10 ukikoroga hadi chini, yanashika sufuria haraka na kufurika bila taarifa. Yasipochemka ya kutosha yana ladha ya maharage mabichi na protini yake haimeng'enyeki vizuri. Epua, subiri dakika 5. Changanya vijiko 5 vikubwa vya maji ya limau na kikombe cha maji ya moto, mimina kwa awamu tatu ukikoroga polepole, kisha funika dakika 15 bila kugusa.

Ungaunga wako unatokana na limau kumwagwa lote kwa mkupuo, au kukoroga sana baada ya kuganda. Yale maji yanayojitenga yakiwa ya njano na maangavu, imeganda. Yakiwa bado meupe, ongeza nusu kijiko cha limau na usubiri tena. Mimina kwenye kitambaa ndani ya chujio, weka jiwe safi la kilo 2 juu, nusu saa. Ihifadhi ndani ya maji baridi, na kwa joto la Kigoma bila friji iliwe siku hiyohiyo. Makapi usitupe, yakikandwa na viazi yanatoa katlesi nzuri.