Vipeo vya sehemu na logi: vifundishwe pamoja au mbalimbali?

Swali – mwalimu wa kidato cha tatu, Mbale

Walimu wenzangu, salaam. Wanafunzi wangu wanazikariri kanuni za vipeo bila shida, lakini nikiandika 8^(2/3) ubaoni, nusu ya darasa huzidisha 8 kwa 2/3 na kuniletea 16/3. Kwenye logi (kipeo ambacho namba fulani hupewa ili tupate namba nyingine) mambo ni mabaya zaidi: wanabonyeza kikokotoo na kupata jibu, ila hakuna awezaye kueleza namba hiyo ina maana gani. Je, mada hizi mbili zina mahali zinapokutana?

Jibu – Jinja

Mwalimu, usianze na alama ya kipeuo (√). Anza na kanuni waliyokwisha kuikubali, kwamba tukizidisha namba zenye kizio kimoja (kizio ni ile namba inayopewa kipeo), vipeo hujumlishwa. Kwa hiyo 8^(1/3) × 8^(1/3) × 8^(1/3) lazima iwe 8, na 8^(1/3) haina budi kuwa 2. Basi 8^(2/3) ni 4. Tumia vizio chanya tu kwa sasa, maana vizio hasi vina utata wake.

Jibu – Masaka

Naafikiana na mwenzangu wa Jinja, ila mimi naziunganisha tangu siku ya kwanza. Nauliza: 4 ipewe kipeo gani ili tupate 8? Darasa huona kwamba 1 haitoshi na 2 imezidi, wakabishana mpaka mmoja akumbuke kwamba 4 na 8 zote zinatokana na 2, na jibu likawa 3/2. Hapo wamekwisha kutafuta logi kabla hawajalisikia jina lake.

Kisha vikokotoo vinawekwa kando. Tunakokotoa 2^10, tunapata 1024, ambayo iko karibu sana na 1000, yaani 10^3. Basi 2 ni takriban 10^(3/10), na logi ya 2 kwa kizio cha 10 ni takriban 0.3. Ndipo ninapofungua kitabu changu cha majedwali ya logi (kimeliwa na mende pembeni, lakini namba zinasomeka) nao wanakuta 0.3010. Mwanahisabati Mwingereza Henry Briggs alichapisha majedwali ya kizio cha 10 mwaka 1617, bila kikokotoo chochote. Jambo hilo huwashangaza kuliko hesabu yenyewe.

Muulizaji

Ahsanteni. Leo nimeijaribu hiyo ya 1024. Mwanafunzi mmoja akauliza logi ya 5 itapatikanaje, na kabla sijafungua kinywa mwenzake akasema 5 ni 10 gawanya kwa 2, kwa hiyo ni 1 kutoa 0.3. Mmoja wa wale wa 16/3, hata hivyo, ameniandikia kwamba logi ya 100 + 10 ni 2 + 1. Kesho nitamwomba atafute logi ya 1000, kisha anieleze kama 110 na 1000 ni namba moja.