Re: Binti anataka kupima ardhi, mimi nilipanga unesi

Kutoka: Mama wa Watatu, St. Paul

Shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu.

Naleta jambo la nyumbani kwangu huku Minnesota, Marekani, mnivumilie kwa urefu. Binti yangu wa kwanza yuko darasa la 11. Wiki iliyopita walimu waliwapa kazi ya karatasi moja: waandike wanataka kusoma nini, wataitumikiaje jamii, na wakiwa wakubwa watafanya kazi gani. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, viatu bado miguuni, nikaikuta mezani. Nilisoma mstari wa kwanza nikavuta kiti. Kaandika "mpima ardhi".

Mimi nilishampangia unesi, na najua humu ndani siko peke yangu. Mwenyewe nilianza na CNA, yaani msaidizi wa wauguzi. Sheria ya shirikisho inadai mafunzo yasiyopungua saa 75, na baadhi ya majimbo yanaongeza, lakini ndani ya wiki chache nilikuwa kazini. Nikasema huyu aanzie pale nilipoishia. Klabu yake ya shule inadai saa 40 za kujitolea kwa mwaka, basi nikampeleka kwenye nyumba ya wazee ninayofanyia kazi, azoee harufu ya kazi yenyewe.

Mlango wa nyuma wa pale kuna mteremko wa zege wa kupandishia viti vya magurudumu. Tumewasukuma wazee juu yake miaka yote hiyo, tunahema, tunamwomba Mungu, tunaingia ndani. Siku yake ya pili mtoto alikuwa anamsukuma bibi mmoja mzito kidogo, kiti kikataka kumrudia. Hakulalamika. Alikwenda kwa fundi wa jengo akaazima pimamaji na tepu. Akalaza ubao mrefu, akaweka pimamaji juu, akapiga magoti kwenye baridi akipima, mimi namtazama dirishani nikijiuliza lini atarudi kwa wagonjwa.

Usiku ule aliniamsha. Mama, kipimo cha sheria ni moja kwa 12, kila inchi ya kupanda inataka inchi 12 za kwenda mbele. Ule unapanda inchi 7, urefu wake ni inchi 60, na ulitakiwa uwe 84. "Umepungua inchi 24, mama. Futi mbili nzima. Siyo kwamba nyinyi hamna nguvu."

Nilishindwa kulala. Sasa nauliza wenye uzoefu: hiyo kazi inalipa, au ni kusimama barabarani na kizibao cha reflekta kushika fito? Na kama nikimwachia, pa kuanzia ni wapi? Kuna mtu kaniambia habari za PSEO, sikumwelewa. Kuna mwingine anataka dola 150 anijazie FAFSA, ile fomu ya kuombea msaada wa ada ya chuo. Tuna grini kadi wote, mimi na watoto.

Kutoka: Baba wa Brooklyn Park

Pole mama. Lakini mtoto wa miaka 16 anajua nini? Nimebeba maboksi miaka sita ili wangu asisimame juani. Unesi una kazi leo na kesho, wazee hawaishi. Apate RN yake, leseni ya nesi kamili, kwanza, kupima apime siku za mapumziko.

Kutoka: Dada wa Columbus

Mama wa Watatu, huyo wa dola 150 usimpe hata senti. Herufi ya kwanza ya FAFSA, F ya "free", ndiyo inayosema "bure". Inajazwa studentaid.gov, na kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba kwa mwaka wa masomo unaofuata. Nimekaa kwenye ofisi ya misaada ya chuo miaka kadhaa, na fomu za watu wetu nilizoziona zimekwama ni zile walizojaziwa na "mtaalamu". Mmoja aliweka barua pepe yake mwenyewe kwa familia nne. Alipobadilisha namba ya simu, familia zote nne zikafungiwa nje.

Binti anafungua akaunti yake, na wewe mzazi unafungua yako, kila mtu na barua pepe yake na simu yake. Jina liwe kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii, herufi kwa herufi. Hapa ndipo tunapoumia. Sisi majina yetu ni matatu, la babu limeingizwa kama ukoo huku, kule la baba ndilo ukoo, na waliopitia kambi za wakimbizi wengi wameandikiwa wamezaliwa tarehe 1 Januari. Kama kadi inasema hivyo, na wewe jaza hivyo hivyo hata kama siku yako ya kweli unaijua. Ukitaka kuisahihisha, anzia Social Security, siyo kwenye FAFSA.

Kipato wanachoangalia ni cha kodi ya miaka miwili nyuma. Kama mwaka ule ulikuwa unapiga zamu mbili na sasa umepunguziwa saa, usikae kimya. Jaza fomu kama ilivyo, halafu iandikie ofisi ya misaada ya chuo chenyewe, uambatanishe hati za mshahara za sasa, uombe wakutazame upya. Wana mamlaka ya kisheria ya kufanya hivyo, na kwenye tovuti zao nyingi huliandika mahali ambapo hutafika bila kutafuta.

Ruzuku ya Pell, msaada wa serikali ya shirikisho ambao mwanafunzi haurudishi, kiwango chake cha juu kimekuwa dola 7,395 tangu mwaka wa masomo 2023-24. Si kila mtu anapata yote. Na ina ukomo wa maisha: mihula 12 ya kusoma muda wote, basi. Ndiyo maana nakuwa mkali kwa wazazi wanaomsukuma mtoto kwenye fani asiyoitaka. Nimeona vijana wamekula mihula mitano ya Pell kwenye matayarisho ya unesi, wanafeli anatomia, wanarudia, wanafeli, na siku wanapopata ujasiri wa kusema "mimi nataka kitu kingine" karibu nusu ya ruzuku imeshakwenda. Na walikuwa wanamridhisha mama.

PSEO uliyoambiwa ni ya jimbo lenu la Minnesota, ipo tangu 1985. Mwanafunzi wa darasa la 11 au la 12 anasoma masomo ya chuo akiwa bado haiskuli, na ada na vitabu vya lazima havimgharimu. Masomo hayo yanahesabika pande zote mbili, haiskuli na chuo. Shule yake ipewe taarifa kufikia mwisho wa Mei kwa ajili ya muhula wa vuli, kwa hiyo muone mshauri wa shule mapema. Ila alama za huko ni za chuo kwelikweli. F aliyoipata na miaka 16 itamfuata kila atakakohamia, na inaweza kumgusa hata kwenye misaada baadaye. Aanze na somo moja au mawili. Trigonometria ingefaa, maana wapima ardhi wanaishi nayo. Akiichukia, mtakuwa mmejua bila kulipa.

Kutoka: Mzee wa Worcester

Marahaba wote.

Nimesoma habari ya mteremko mara mbili. Mwaka 1961 nilikuwa mtoto mdogo Tanganyika. Rais Kennedy alikuwa ameanzisha Peace Corps, shirika la Wamarekani wanaojitolea nchi za nje, mwaka ule ule, na nchi yetu ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa kupokea vijana wake, pamoja na Ghana. Kundi lililokuja kwetu lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, kwa kazi ya barabara. Sisi watoto tulikuwa tunawafuata nyuma tukikiita kile chombo chao cha kupimia "mbuzi wa miguu mitatu". Hatukujua kinafanya nini, ila tulijua pakisimama mbuzi, barabara inakuja.

Basi Baba wa Brooklyn Park, nisamehe mwanangu, lakini vijana wa watu walivuka bahari kutusimamia juani. Leo wa kwetu akitaka kuishika kazi hiyo hiyo tunaiona ya aibu? Na kule nyumbani Chuo Kikuu Ardhi kinawafundisha watoto wa wenzetu fani hiyo, na hakuna anayewacheka.

Kuhusu kulipa: kijana mdogo wangu, mtoto wa shemeji, yuko kwenye kazi hiyo. Anaanza mtu kama msaidizi wa uwanjani, ndiyo, na kizibao na fito. Lakini mwisho wake ni leseni. Leseni inatolewa na jimbo. Kuna mitihani miwili ya kitaifa, FS wa misingi na baadaye PS wa utendaji, inayosimamiwa na NCEES, baraza la mitihani ya wahandisi na wapimaji, na katikati yake miaka ya kazi chini ya mpimaji mwenye leseni. Masharti ya shahada yanatofautiana jimbo kwa jimbo, hivyo asome ya bodi ya Minnesota kabla hajachagua chuo. Mwenye leseni ndiye anayetia sahihi ramani ya mpaka.

Sasa la kwako wewe mama, ambalo hukuliuliza. Umeshakula kiapo cha uraia? Ukiapishwa wakati binti hajatimiza miaka 18, ana grini kadi na anakaa nawe chini ya malezi yako, anakuwa raia siku hiyo hiyo kwa sheria, pasipo mtihani wala kiapo chake. Akivuka 18, atajiombea mwenyewe kama mtu mzima. Nimeona familia mbili zimechelewa kwa miezi tu. Na huo utumishi anaotaka kuuandika kwenye karatasi, Peace Corps haimchukui asiye raia.

Kutoka: Kijana, Seattle

Shikamooni. Huwa nasoma tu, leo naomba kuchangia.

Mimi nilimaliza haiskuli sijui nataka nini, nikaenda AmeriCorps, utumishi wa kujitolea wa humu humu Marekani, mwaka mmoja, kutengeneza njia za msituni na kuziba mmomonyoko kando ya mito. Grini kadi inatosha kuingia. Anayesubiri hifadhi ya ukimbizi bado hafuzu, na ni vizuri mtu ajue kabla ya kujaza. Posho ni ndogo, nililala sebuleni kwa watu. Ila ukimaliza saa 1,700 unapata tuzo ya masomo inayolingana na kiwango cha juu cha Pell, na una miaka saba ya kuitumia. Jambo ambalo sikuambiwa: ile tuzo inahesabiwa ni kipato na inakatwa kodi mwaka unaoitumia. Mimi niliilipa yote chuoni Januari, Aprili ya mwaka uliofuata nikadaiwa kodi ya hela ambayo sijawahi kuishika mkononi. Mngeniona.

Sasa niko kwenye uanagenzi wa umeme. Karibu saa 8,000 za kazi kwenye saiti pamoja na darasa la jioni, na ninalipwa tangu siku ya kwanza, kila hatua nyongeza. Mama aliniambia atasema nini kanisani. Mwezi uliopita alinipigia kuniuliza kwa nini fyuzi zake zinakatika, tukaongea saa nzima. Hatujaongea hivyo tangu nipo darasa la nane.

Mdogo wetu huyo wa St. Paul, kama anasoma: ofisi za upimaji huchukua wanafunzi kiangazi. Piga simu, usitume barua pepe. Na taja ule mteremko.

Kutoka: Baba wa Brooklyn Park

Mzee, shikamoo, nimekusikia. Sijabadili mawazo kuhusu unesi.

Ila Dada wa Columbus, hiyo PSEO, wangu wa darasa la 10 anaruhusiwa?

Kutoka: Dada wa Columbus

Darasa la 10 huanzia kwenye masomo ya ufundi, tena moja kwanza, na kuna masharti ya mtihani wa kusoma. Mengine asubiri la 11. Muone mshauri wa shule. Ukienda, muulize mtoto kabla ya kumuuliza mshauri, kaka.

Kutoka: Mama wa Watatu, St. Paul

Asanteni sana, sina la kuwalipa.

Nimefungua akaunti yangu ya studentaid, na yake ameifungua mwenyewe. Jina langu lilikataliwa mara ya kwanza. Kumbe kwenye kadi wameunganisha la pili na la tatu bila nafasi. Ya uraia, fomu iliingia Februari na nimeshatoa alama za vidole, binti anatimiza 18 Machi ya mwakani. Mzee, niliposoma ujumbe wako nilikwenda kutazama kalenda nikiwa na sabuni mikononi.

Kuhusu mteremko: aliandika ukurasa mmoja, na mchoro, akampelekea msimamizi. Wiki mbili kimya. Nikamwambia ndivyo dunia ilivyo, asivunjike moyo, na moyoni nikaogopa wasije wakanitafuta mimi mwenye kazi. Juzi fundi wa jengo kanifuata kwenye chumba cha chai. Kaambiwa atafute makadirio ya kuvunja na kumwaga zege upya, na anataka yule msichana aje Jumamosi washikilie tepu pamoja, maana upande wa kushoto hawakubaliani kwa inchi moja.

Saa zake 40 zilishaisha. Nimemwambia hilo, akanitazama kama nimesema kitu cha ajabu, akaniuliza kama Jumamosi nitampeleka au apande basi.