Filamu ipi ya udikteta: ya Amin, ya Stasi au ya Stalin?

Mwalimu_Iganga
Wandugu, habari zenu. Naandaa jioni ya filamu na mjadala juu ya tawala za kiimla. Hela inatosha filamu moja tu, na nimebaki na tatu: The Last King of Scotland (ya Amin), The Lives of Others (ya Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki) na The Death of Stalin. Ninunue ipi? Lazima niamue kabla ya Ijumaa.

Nakku256
Ssebo, hujasema watazamaji ni akina nani. Watoto? Wazee? Wanaweza kufuata maandishi ya chini ya skrini? Ya Stasi ni Kijerumani mwanzo hadi mwisho.

Dereva_Mbale
Chukua ya Amin. Imepigwa hapa hapa kwetu, na Forest Whitaker aliigiza hadi akapata Oscar. Vijana wataona Kampala wanayoijua. Mambo ya Berlin yanawahusu nini?

Mtunza_Kumbukumbu
Ndugu Dereva, Whitaker simpingi. Tatizo ni yule daktari Mskoti. Ni mtu wa kubuni, na ndiye kamera inayemfuata. Waganda wanakufa pembeni ili yeye ashtuke. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa ndani ya Mahakama Kuu Septemba 1972, hakuonekana tena. Askofu Mkuu Luwum aliuawa Februari 1977, serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Ndivyo utawala ule ulivyofanya kazi: watu wenye gari na bunduki, kisha redio ya kuwafunika. Filamu inakuonyesha hasira za mtu mmoja tu, akicheka umepona, akinuna umekwisha.

Ya Stasi haina anayefoka. Kapteni Wiesler yuko juu darini, amechora kwa chaki sakafuni ramani ya nyumba anayoisikiliza, spika za masikioni kichwani, anapiga taipu ripoti. Zamu ikiisha anampisha mwenzake. Mwaka 1989 Stasi ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000, mbali na watoa habari. Oktoba ya mwaka huo kiongozi wa nchi, Honecker, akaondolewa, na ofisi zile zikafunguliwa kesho yake kama kawaida. Hapo ndipo kijana ataelewa tofauti ya hasira za mtu mmoja na mashine ya utawala.

Opolot_T
Na hiyo nayo ina uongo wake. Mkuu wa kumbukumbu ya gereza la Hohenschönhausen aliwanyima ruhusa ya kupiga filamu pale, kwa sababu hajulikani afisa yeyote wa Stasi aliyefanya alichofanya Wiesler, kuwalinda kwa siri aliotumwa kuwasikiliza. Kwa nini daktari wa kubuni awe kosa, jasusi mwema asiwe?

Mtunza_Kumbukumbu
Kwa sababu Wiesler hachukui nafasi ya walioteswa. Daktari anaichukua.

Mzee_Arua
Wanangu, niwaeleze yaliyotukuta huku. Kikundi kimoja kilileta filamu ya Amin ukumbini, na projekta, viti vya plastiki na VJ wa kuitafsiri juu kwa juu. Ukumbi ulijaa, hata akina mama wa sokoni walifunga mapema. VJ alikuwa hodari, ila kazoea filamu za ngumi. Kila Amin akitokea anamtilia vichekesho, vijana wanapiga makofi. Ikafika pale mwili wa Kay, mkewe, unapoonyeshwa, naye akaendelea na sauti ile ile. Mzee mmoja nyuma akasimama, akataka mashine izimwe. Akasema, "Nyie mnacheka, na hadithi yenu inaishia Entebbe 1976. Yetu ilianza Amin alipoondoka." Maana baada ya 1979 askari walikuja huku West Nile, kwao Amin, kulipiza kisasi, hata kwa ambao hawajawahi kushika bunduki. Wengi tulivukia Sudan na Zaire. Waandaaji hawakuwa na la kumjibu. Mjadala haukufanyika, watu walitoka wakirushiana maneno ya kikabila hadi barabarani. Mwalimu, ukiichukua hiyo, tafuta kwanza mtu wa kumjibu mzee kama yule.

Nakku256
Pole sana, mzee wangu. Na ya Stasi asiwekwe VJ kabisa. Nusu yake ni ukimya.

Kibanda_Natete
Msiwaseme vibaya maVJ. Mama yangu asingefurahia filamu hata moja bila wao. Mpeni VJ mzuri ile ya Stalin muone. Walinzi wanasikia kishindo chumbani mwa Stalin, hakuna anayethubutu kufungua mlango. Mzee amelala kwenye mkojo wake, na madaktari bora wako jela au wamekufa kwa amri yake mwenyewe. Urusi waliifutia kibali Januari 2018. Iliwachoma.

Opolot_T
Ila Beria, mkuu wa polisi wa siri wa Stalin, alipigwa risasi Desemba 1953, filamu inambana kwenye siku za mazishi ya Machi. Wanafunzi wa historia watanukuu hilo kwenye mtihani.

Mwalimu_Iganga
Asanteni. Ni wanafunzi wa S.5 na S.6 (kidato cha tano na cha sita) pamoja na wazazi wachache, kwenye bwalo la shule. Umeme si wa uhakika, tuna jenereta. Mkuu wa shule hataki damu.

Nakku256
Mbona haya hukuyasema mwanzo! Ya Amin ina mtu anayening'inizwa kwa ndoano kifuani, hiyo imetoka. Na jenereta itaumeza ukimya wote wa Stasi. Ongeza ya nne: I'm Still Here, ya Brazil. Rubens Paiva alichukuliwa nyumbani kwake Januari 1971 na watu waliovaa kiraia, na mkewe Eunice alipata cheti cha kifo 1996. Huko hakuna dikteta wa kumwangalia. Kuna sebule, mapazia yamefungwa, na wageni wasioondoka. Wazazi wataielewa kuliko zote.

Dereva_Mbale
Mnakimbilia Brazil! Ya panda gari, ile misako ya askari ya kupakia watu kwenye malori, iko wapi? Baba yangu alipakiwa kwenye lori Kampala wakati wa utawala wa pili wa Obote, yeye na abiria wote wa teksi. Hakuna aliyeona ni hadithi ya kuweka kwenye skrini.

Mzee_Arua
Na ya West Nile pia, mwanangu. Tunaisubiri.

Mwalimu_Iganga
Sijanunua bado, nipo kati ya Brazil na Stasi. Kuna mwenye inverta ya kukodisha, Jinja au Iganga? Kelele za jenereta ndizo zitakazoamua.

Kibanda_Natete
Ninayo, ila betri moja imechoka. Filamu ina urefu wa saa ngapi?