Muuza samaki kaniambia bakuli linatosha. Nilinunua watatu, nimebaki na mmoja

Wakuu, nina hasira na leo lazima niyaseme.

Wiki tano zilizopita niliingia kwenye duka la samaki wa mapambo kununua samaki wa dhahabu. Nilisema wazi: sijawahi kufuga samaki, naomba unielekeze. Muuzaji hakuniuliza nina chombo gani nyumbani. Alinipa samaki watatu, bakuli la kioo la lita 8 na kopo la chakula. Nikamuuliza kuhusu filta, akasema si lazima. "Hawa hawana shida, hukua kulingana na chombo. Maji yakichafuka mwaga yote, weka mapya ya bomba."

Siku ya sita wote watatu walikuwa juu kabisa, midomo nje ya maji, wanahema. Nikajua ni njaa, nikawaongezea chakula. Yule mweupe mkia wake ulikuwa umetokeza mistari myekundu, myembamba kama uzi. Asubuhi yake nikamkuta amelala ubavu, kafa.

Nikarudi dukani. Jibu? Eti nimewalisha kupita kiasi. Akaniuzia filta ndogo na kunisisitiza kila wiki nioshe sponji yake bombani mpaka ing'ae. Nikaosha, mara tatu. Wiki ya nne akafa wa pili.

Ndipo nikaanza kusoma mwenyewe, na kila nilichosoma kilinizidishia uchungu. Samaki hutoa amonia, uchafu wenye sumu, sehemu kubwa kupitia matamvua anayopumulia, na amonia hiyo ikijaa majini huyaunguza matamvua hayohayo. Wale hawakuwa na njaa, walikuwa wanashindwa kupumua! Na chakula nilichoongeza kilioza kikazalisha amonia zaidi.

Kinachowaokoa ni bakteria wanaoota kwenye sponji ya filta. Kuna wanaogeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, isiyo na madhara makubwa kama unapunguza na kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hao huchukua kama wiki 4 hadi 8 kukaa sawa, na klorini ya maji ya bomba huwaua. Sponji inatakiwa isuuzwe kwenye maji yaliyotolewa tangini, basi. Kwa hiyo kila nilipofuata maelekezo yake nilikuwa naua kilichoanza kuota. Halafu klorini hiyohiyo inaunguza matamvua, na dawa ya kuiondoa ilikuwa hapo dukani, pamoja na kipimo cha amonia, kwenye rafu nyuma ya mgongo wake. Hakuvitaja hata kimoja.

Na hilo la kukua kulingana na chombo ni uongo. Samaki wa dhahabu wa mkia mmoja anaweza kufika sentimita 30, wa mkia pacha 15 hadi 20. Akibaki mdogo bakulini ni kwa sababu amedumaa kwenye maji machafu. Akitunzwa huishi miaka 10 hadi 20. Uingereza aliwahi kuwapo mmoja aliyefika miaka 43. Wangu wawili hawakumaliza hata mwezi.

Nilipopima maji ya bakuli kwa mara ya kwanza, matone yaliyotakiwa kubaki njano yaligeuka kijani kibichi papo hapo, yaani amonia imejaa. Nilikaa nimekishika kile kichupa muda mrefu.

Aliyebaki nimemhamishia kwenye beseni la plastiki la lita 60, nina pampu ya hewa na filta kubwa zaidi. Kila siku napima, na amonia ikionekana nabadilisha theluthi ya maji, yakiwa yameshaondolewa klorini. Chakula ni punje chache, siku nyingine simpi kabisa. Pembezoni mwa mapezi ametokeza weusi, naambiwa ni majeraha ya amonia yanapona. Tangu juzi hahemi tena juu ya maji.

Ninachohitaji sasa ni sponji ambayo bakteria hao wameshaota. Kama kuna mwenye tangi lililokaa miezi kadhaa bila ugonjwa, naomba anikatie kipande cha sponji ya filta yake, akiweke kwenye maji ya tangi lake kisikauke, nitakifuata mwenyewe siku hiyohiyo.