Mjadala: Nani atalipa nauli ya kuhamia Mars?

Mwenye mada, Kigoma

Jana jioni mwaloni Kibirizi kijana mmoja alishikilia kwamba watu watahamia sayari ya Mars kwa ajili ya biashara, kama wafanyabiashara wa zamani walivyofuata pembe za ndovu Ujiji. Nimelala na neno hilo, na naona Ujiji yenyewe inampinga.

Pembe zilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kutoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Safari ililipa kwa sababu bei ya pembe pwani ilizidi gharama za msafara mzima. Chumvi ya Uvinza, ingawa ilikuwa nzuri, iliuzwa huku huku bara. Sasa pembe ya Mars ni ipi? Kule kuna chuma, barafu na hewa ya ukaa. Chuma hata huku kipo. Mwaka 2023 chombo cha Marekani, OSIRIS-REx, kilileta gramu 121 hivi za udongo wa asteroidi Bennu, yaani jiwe kubwa linalozunguka Jua, kwa mradi wa zaidi ya dola bilioni 1. Kwa sayansi ni hazina. Sokoni ni hasara tupu.

Mchangiaji, Tabora

Kaka, umeiruka reli. Ilifika kwetu 1912 na kwenu 1914, mzigo ukaongezeka baadaye. Roketi nazo siku hizi zinatua na kurushwa tena, nauli inashuka. Njia itangulie.

Mwenye mada

Hoja ya reli ni nzito, ndugu yangu, nakubali. Ila Wajerumani walioijenga waliitamani biashara ya Kongo, na ng'ambo ya ziwa kulikuwa na watu wanaouza na kununua. Mars nafasi nzuri ya kusafiri hupatikana kila baada ya miezi 26 hivi, mwendo ni miezi sita hadi tisa, na ukishuka hukuti mteja hata mmoja. Kiwanja pia huwezi kumilikishwa: mkataba wa kimataifa wa anga za juu wa 1967 unazuia nchi yoyote kujitwalia sayari. Sheria ya Marekani ya 2015 inawapa raia wake haki juu ya wanachochimba, ardhi haimo.

Kinachonikera ni kodi. Ikiwa hazina za serikali ndizo zitakazolipa, wananchi wa nchi hizo waambiwe wazi kwamba wanalipia elimu na heshima ya taifa, wasiahidiwe faida.

Wewe wa Tabora, nitajie bidhaa moja tu ya kutoka Mars, bei yake kwa kilo, na mnunuzi wake.