Kuandaa mradi wa QField kwa ajili ya kupima mifereji ya maji ya mvua

Swali
Habari zenu, wakuu. Tunataka kukusanya taarifa za mifereji ya maji ya mvua Tandale, Dar es Salaam, kwa simu za Android zenye QField (programu ya kukusanya taarifa za ramani uwandani), na mradi nimeuanza katika QGIS (programu ya ramani ya kompyuta). Je, niupange vipi ili wakusanyaji wafanye kazi bila intaneti, na taarifa zao zisigongane tukiziunganisha?

Jibu la 1
Ndugu, weka tabaka zote za ramani katika faili la GeoPackage (faili moja linalobeba tabaka nyingi), kisha tumia QFieldSync, programu-jalizi ya QGIS, kuufungasha mradi kabla ya kuuhamishia kwenye simu; picha ya satelaiti iandae mapema kama faili la MBTiles (vipande vya picha vinavyofunguka bila intaneti), kwa eneo la kazi pekee, maana faili kubwa hujaza simu. Kila rekodi ipewe kitambulisho cha UUID (msimbo mrefu wa kipekee) kinachojizalisha chenyewe, kwa sababu namba za mfululizo zitajirudia simu mbili zikianza zote na 1.

Jibu la 2
Naongezea fomu, ambayo kwangu ndiyo roho ya kazi. Hali ya mfereji ichaguliwe kwenye orodha, isiandikwe kwa mkono, la sivyo "umeziba", "umezibwa" na "taka" zitahesabiwa kuwa hali tatu tofauti. Kina na upana viwe vya lazima.

Jibu la 3
Kwa Dar es Salaam, mfumo wa majiranukta (namba za kuonyesha mahali) wenye msimbo EPSG:32737, yaani UTM kanda ya 37 Kusini, unafaa kupimia urefu kwa mita. GPS ya simu hukosea mita kadhaa, hasa kati ya nyumba zilizobanana, hivyo mkusanyaji asubiri usahihi utulie kabla ya kuweka nukta.